Nyumba Thelathini na Moja

Linah Musimbi alihesabu tena, akapata thelathini. Alihesabu kutoka juu, akahesabu kutoka chini, kisha akahesabu akitia alama ya kalamu kando ya kila jina, kama mama anayehesabu kuku kabla ya kufunga banda. Bado zilikuwa nyumba thelathini. Na Mwalimu Jeconia Mabonga, kwa miaka yote aliyomjua, alisema Kambi Pareto ina nyumba thelathini na moja. Hakuwahi kusema "kama thelathini hivi." Hakuwa mtu wa kama na hivi.

Basi Linah akafanya kile ambacho angefanya wiki mbili nyuma. Alichukua simu, akatafuta jina la Mwalimu, akapiga. Iliita mara moja kabla hajakumbuka kwamba mwenye simu yuko mochari mjini Eldoret, na kwamba yeye ameketi katika duka la kupiga chapa pale Cheptiret akiandaa programu ya mazishi yake. Akakata haraka, uso ukimwaka kwa aibu, ingawa hakuna aliyemwona isipokuwa mashine.

Kambi Pareto ni kijiji kidogo ndani kidogo kutoka barabara ya Kapseret. Zamani lilikuwa shamba la mzungu la maua ya pareto, na waliolinunua kwa pamoja walikuwa vibarua wake, watu waliotoka magharibi na watu waliotoka Mlima Kenya, kila mmoja na lugha yake na mzigo wake kichwani. Mwalimu Jeconia alifundisha shule ya hapo miaka thelathini na minne. Kila Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho aliwachukua watoto kuanzia darasa la nne, akawazungusha kijiji kizima kwa miguu. Kwenye kila lango walisimama, wakasema kwa pamoja nani alifika hapo kwanza, alitoka wapi, na nani alimfuata. "Hapa ni kwa Wabuge. Alitoka Kimilili mwaka wa sitini na nne, akilisha farasi wa mzungu. Akafuata Javan mwanawe." Wakisha kusema waliwaamkua wenye nyumba, wakaenda lango la pili.

Hakutaka kuyaandika majina hayo. "Kitabu kitaliwa na mchwa," alisema. "Miguu yenu haitaliwa."

Mpaka mwaka jana, kifua kilipoanza kumsumbua. Linah alikuwa amemaliza chuo cha ualimu na bado anangoja kuajiriwa, akawa anaenda kwake Jumapili kumwoshea vyombo na kumsomea gazeti. Siku moja Mwalimu akasema, bila kuombwa, "Lete kalamu." Aliyasema yote akiwa amefumba macho kitini, na chini ya blanketi miguu yake ilikuwa ikisogea, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetembea.

Hiyo ndiyo orodha iliyokuwa mbele ya Linah, na ndiyo aliyotaka kuiweka kwenye ukurasa wa katikati wa programu. Alikuwa na sababu. Kambi Pareto, programu ya mazishi haitupwi. Huwekwa ndani ya Biblia, au nyuma ya kioo cha kabati pamoja na za miaka ishirini iliyopita. Hakuna karatasi nyingine inayotunzwa na kila nyumba namna hiyo. Kitakachopigwa chapa Alhamisi ndicho watoto wa watoto watakachokiamini. Na kilikuwa na pengo.

Jumanne hiyo saa tano, Mzee Murunga, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, aliingia dukani na bahasha kwapani.

"Umefika wapi, mwalimu?"

Kila mtu alimwita mwalimu tangu atoke chuoni. Hakuna aliyekuwa amempa darasa.

"Mzee, nyumba hazitimii. Kuna moja inakosekana, na sijui ni gani."

"Zimefika ngapi?"

"Thelathini."

Mzee Murunga alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. "Thelathini zinatosha."

"Lakini Mwalimu alikuwa anasema..."

"Linah. Nimesema zinatosha." Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomwambia Linah kwamba mzee anaijua hiyo nyumba vizuri sana. "Halafu huo ukurasa wenyewe tutauhitaji. Mheshimiwa wa wadi ameleta picha."

Akazimwaga mezani. Mheshimiwa akikabidhi tangi la maji. Mheshimiwa akipiga mpira. Mheshimiwa kando ya tangi lile lile, na watu nyuma yake.

"Hii hapa yuko na marehemu," alisema Mzee Murunga.

Linah aliinama akaitazama. "Mzee, Mwalimu haonekani. Tangi limemficha."

"Mkono wake unaonekana. Huo hapo, wenye saa."

Linah alikuwa na maneno mengi ya kujibu. Shida ya maneno yake ni kwamba yalifika siku zote mtu akishaondoka. Mzee Murunga aliaga, akatoka, na hapo ndipo Linah akaiambia mashine, "Ukurasa wa katikati ni wa Mwalimu. Ni wake, si wa tangi."

Mchana aliingia Waiyego, ambaye wote walimwita Mama Antony, mwuza mitumba wa kibanda cha jirani. Alikuwa ameleta kitambaa cheupe cha meza ya wageni, maana yeye pia alisomeshwa na Mwalimu, darasa lake la kwanza kabisa, na alitaka mchango wake uonekane.

"Ndiyo hiyo programu? Hebu nione. Msije mkaandika alizaliwa mwaka ambao hakuzaliwa."

Alisoma kwa kidole, midomo ikicheza. Alicheka kwa Wabuge, akatikisa kichwa kwa Mabonga. Kidole kikafika kwa Obonyo, nyumba ya nane, kikashuka kwa Jumba, kikarudi juu, kikashuka tena.

"Kwa Obonyo. Halafu kwa Jumba." Akainua macho. "Na sisi?"

"Nyinyi, Mama Antony? Si nyinyi mnakaa hapa Cheptiret?"

"Leo! Leo ndio nakaa Cheptiret. Mama yangu Nyaguthii aliingia Kambi Pareto mwaka wa sitini na nane, akiwa na mimba yangu na kikapu cha mbegu ya viazi. Nyumba ya tisa, ukishavuka mfereji. Mimi mwenyewe nilisimama kwa hilo lango na watoto wa watu, nikamtaja mama yangu kwa sauti, mpaka Mwalimu akanipigia makofi."

Linah aliuona mfereji akilini. Ijumaa walipofika hapo, Mwalimu alikuwa akisema, "Vukeni pole pole, msivunjike," wakaruka mmoja mmoja wakicheka, na walipomaliza kuruka walikuwa wameshapita lango la buluu, la Kimutai, mfuga ng'ombe. Hawakuwahi kusimama hapo. Hakuwahi kuuliza kwa nini.

"Mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, wakaichoma," alisema Waiyego. "Mama akalala ndani ya hema mwaka mzima, akaenda Nyahururu kwa dada yake, akafia huko. Sawa. Lakini alikuwa hapa miaka arobaini! Ama hakuwa? Ama tulikuwa sinema?" Aliigonga karatasi kwa kidole. "Mwalimu alikuja mpaka Nyahururu kumzika. Alilia kunishinda mimi. Sasa alimtoa kwa nini? Muulize..."

Akakumbuka. Mtu wa kuulizwa hakuwapo. Na hilo ndilo lililomkasirisha Linah kuliko kifo chenyewe. Watu walikuwa wakimwambia pole kwa kumpoteza mzee aliyempenda, na ni kweli alimpenda. Lakini kila alipotaka kulia, alikuta swali limekaa mahali pa machozi.

"Nitamweka, Mama Antony."

"Utamweka kwa uwezo gani? Si nimeona Murunga akitoka hapa."

Jumatano alasiri Linah alipanda boda mpaka Kambi Pareto. Alishuka mbali na lango la buluu ili apate muda wa kughairi, akatembea polepole, na bado akafika. Kimutai alikuwa amemaliza kukama, anachuja maziwa kwenye kopo la kupeleka kwa ushirika. Alikuwa mtu mrefu, mzito wa maneno.

"Karibu, mwalimu. Chai iko."

"Asante, Baba Sharon. Nimekuja kwa neno la..."

"La Nyaguthii." Aliendelea kuchuja. "Nilijua mtu atakuja. Nilidhani ni Murunga. Kumbe wametuma mtoto."

"Hawajanituma."

Hapo akamtazama. Akavuta kigoda kwa mguu, akamwashiria aketi.

"Mimi nilinunua hapa kwa huyo mama mwenyewe. Siku ya moto sikuwa huku, nilikuwa Iten kwa baba yangu. Alikuja na Mwalimu, wakakaa pale ulipokaa wewe, tukaandikiana. Mwalimu ndiye shahidi. Nikahamia na watoto. Ijumaa ya kwanza wanafunzi wa Mwalimu wakasimama hapo langoni. Wakasema, hapa ni kwa Nyaguthii, alitoka Nyahururu, nyumba yake ikachomwa." Akaweka chujio chini. "Kwa wengine wote kulikuwa na halafu. Akafuata fulani, akafuata fulani. Kwetu walifika kwenye neno la moto, wakanyamaza. Wakatuangalia. Na Sharon wangu wa darasa la sita alikuwa amesimama katikati yao. Unajua Jumatatu walimwita nani?"

Linah alitikisa kichwa.

"Kiberiti."

Ng'ombe mmoja alijikuna kwenye nguzo. Linah alimkumbuka msichana mrefu aliyekuwa haonekani shuleni siku za Ijumaa, halafu muhula mmoja asionekane kabisa.

"Nikamwendea Mwalimu. Nikamwambia, sikuombi udanganye, ruka tu. Akaruka. Hakuniuliza mara mbili. Sasa nakuomba wewe vile nilimwomba yeye. Usiandike."

Alimpa chai, akainywa. Linah hakuahidi kitu, na kwa kuwa yeye ni mtu wa haya, Kimutai alidhani kunyamaza kwake ni kukubali.

Njiani Linah alimgombeza Mwalimu kwa sauti, peke yake, kando ya ua wa michongoma. Ulikuwa mwema kwa Kimutai langoni. Ukawa mwema kwa Waiyego kaburini. Ukaendelea kusema thelathini na moja, kwa sababu hesabu ulishindwa kuidanganya. Ulikuwa na miaka zaidi ya kumi ya kuwaketisha hawa watu wawili pamoja, na wote unawajua, na wote walikuheshimu, na hukufanya. Ukafumba macho, ukapitisha miguu chini ya blanketi, na mimi nikaandika. Ukaona nitafanya nini?

Mama mmoja aliyebeba kuni alimpita, akamwambia, "Pole, mama. Alikuwa kama baba yako." Linah akasema asante.

Alhamisi asubuhi aliandika mstari wa tisa. *Kwa Nyaguthii. Alitoka Nyahururu mwaka 1968 na mbegu ya viazi.* Hapo akakwama. Aliandika kwamba nyumba ilichomwa, akalifuta neno hilo kwa ajili ya Sharon, akalirudisha kwa ajili ya Waiyego. Bila neno hilo, mtu angesoma na kudhani mama alichoka tu na Kambi Pareto. *Nyumba ilichomwa mwaka wa vurugu. Akafuata Kimutai, aliyeuziwa na Nyaguthii mwenyewe, shahidi Mwalimu Jeconia.* Alikuwa ameandika "kwa hiari yake." Akayaondoa maneno hayo. Mtu aliyelala hemani mwaka mzima anauza kwa hiari gani? Hilo nalo hakuwa na wa kumuuliza.

Kisha akampigia Mzee Murunga.

"Mzee, nimefikiria picha za mheshimiwa. Katikati zitafichwa, si watu wanafunua wakati wa nyimbo tu? Nimeziweka nyuma. Ukurasa wa nyuma mzima. Programu ikilazwa mezani, yeye ndiye wa kwanza kuonekana."

"Nyuma yote?"

"Yote, Mzee."

"Na rangi?"

"Kwa rangi."

"Mwalimu," alisema Mzee Murunga kwa furaha, "una kichwa wewe." Hakuuliza katikati kuna nini. Linah alibonyeza kitufe kabla hajapata nafasi ya kuogopa, na mashine ikaanza kutema programu mia tatu.

Jumamosi ilikuwa ya jua kali. Linah alitumaini jeneza litapitishwa njia ya Ijumaa, lango kwa lango. Kamati ikaona magari ya mheshimiwa hayawezi kupita mferejini, na Mwalimu akaletwa kwa barabara kuu kama mgeni. Mheshimiwa alichelewa saa mbili, akazungumza dakika arobaini juu ya tangi. Mwongozaji wa shughuli aliposhika kipaza sauti, alitazama saa yake.

"Wasifu wa marehemu tutausoma nyumbani, uko kwenye programu, si ndiyo? Mbele kwa mbele!"

Linah alikuwa amesimama nyuma ya hema na sufuria ya maji ya kunawa. Mbele yake watu walikuwa wakijipepea kwa nyumba thelathini na moja. Mzee mmoja alikuwa amezikunja akazivaa kichwani kama kofia. Hakuna aliyekuwa amefunua. Alitazama jeneza likishuka, na kilio kilikuja kidogo, kikakatika kama maji ya mfereji wa kiangazi.

Walipokuwa wakila ndipo Waiyego alipomjia, programu imefunuliwa mkononi. Alikuwa amelia, macho yake yalikuwa mekundu. Linah alijiandaa kushukuriwa.

"'Ilichomwa'," alisoma Waiyego. "Ilichomwa na nani? Ilijichoma?"

"Mama Antony, mimi sijui majina ya..."

"Mimi nayajua. Nitakupa."

"Nilikuomba," ilisema sauti nyuma yake. Kimutai alikuwa amesimama pale na koti lake la kanisani, karatasi ile ile mkononi. "Nilikuomba vizuri, ukanywa chai yangu."

Linah alihisi maneno yakianza safari yao ya kuchelewa. Akayangoja. Safari hii hakuondoka mtu, na yakafika.

"Uliniomba, Baba Sharon. Na mimi nimekataa. Ulisema kwa wengine wote kulikuwa na halafu, na kwenu watoto wakanyamaza. Halafu yenu ndiyo hiyo. Soma mpaka mwisho."

Sauti yake ilipasuka mwishoni, na mezani wakageuka. Kimutai alisoma. Alisoma polepole, akirudi mwanzo. Waiyego, ambaye hakuwa amesimama karibu naye tangu mwaka ule, alikuwa akimtazama anavyosoma, mikono kiunoni.

"Shahidi hakuwa mmoja," alisema Kimutai hatimaye. "Tulikuwa na wawili. Obonyo pia alikuwepo."

"Nilikuwepo!" alidakia Mzee Obonyo kutoka kwenye benchi, mfupa wa nyama mkononi. "Na mimi mmeniandika nilitoka Siaya. Nani alisema? Mimi nilitoka Kisumu, stesheni, nilikuwa mtu wa reli. Jeconia alinikosea na nilimwambia!"

"Ngojeni, sijamaliza," alisema Waiyego. "Mfereji je? Mama yangu ndiye alichimba ule mfereji, na hapa hakuna."

"Mfereji niliukuta," alisema Kimutai.

"Uliukuta kwa sababu ulichimbwa! Ulidhani uliota?"

"Sijakataa ulichimbwa. Maji yake nanywesha ng'ombe. Nasema niliukuta."

"Basi sema ulikuta wa nani!"

Kimutai alifikiri. "Wa Nyaguthii," alisema, kwa uzito, kama mtu anayeweka gunia chini.

Waiyego akamgeukia Linah kwa ukali, maana lazima ukali ungeenda mahali fulani. "Si uandike? Unaangalia tu!"

Mzee Murunga alikuwa akija kwa haraka kutoka hema la wageni, uso umekunjamana, programu imefunuliwa katikati. Linah alimwona. Aliweka sufuria chini, akatafuta kalamu mfukoni, akaketi kwenye ukingo wa benchi ya Obonyo.

"Mmoja mmoja," alisema. "Mama Antony. Mfereji ulichimbwa mwaka gani?"

"Sabini na tatu."

"Sabini na nne," alisema Obonyo. "Jembe aliazima kwangu."

"Sabini na tatu, Mzee! Mimi nilikuwa mtoto wa miaka mitano, nilikuwa naleta chai."

"Nne. Mwaka wa jembe jipya."

Linah aliwatazama, mmoja hadi mwingine, wakimngojea aamue. Hakuwa na la kuamulia. Akaiandika miaka yote miwili, akapiga mstari chini yake, akamkasirikia Mwalimu upya.